Siku Tisa Nilizogawanya Mahali pa Kuzidisha

Jumatano, tarehe kumi na mbili Novemba. Jua kali tangu saa moja, hakuna wingu hata la kusingiziwa juu ya Lodwar, lakini mto Turkwel umeshuka na maji mekundu mengi, maana yake mvua imewanyeshea watu wengine huko juu. Upepo wa mchana umeleta vumbi mpaka ndani ya kopo la sukari.

Vijana wangu mlioanza biashara ya pesa, mliniomba tangu Julai niwaandikie habari za kazi yangu ya kubadilisha pesa Kakuma. Mkaniletea na daftari jipya. Kila mkiniuliza nilisema macho yananisumbua. Hayakuwa macho. Kuna mtu mmoja ambaye sikuweza kuandika juu ya kazi ile bila kumtaja, na sikuweza kumtaja bila kujua kama nilimkosea mara moja au mara mbili. Leo nimejua, kwa hiyo naandika leo, kabla sijaanza tena kujishuku. Niliishia darasa la sita. Mkikuta kosa, lirekebisheni kimya kimya.

Nilifanya kazi kwa mzee Hirsi, mtu wa Garissa aliyekuwa na duka Kakuma. Mbele aliuza shuka, sukari na betri za tochi. Nyuma kulikuwa na meza yenye droo mbili, na hapo mimi nilibadilisha shilingi yetu na pauni ya Sudan Kusini. Haikuwa benki, na sitaivisha koti ili ionekane benki. Lakini watu wa kambi na watu wa mji walikuja kwetu kwa sababu Hirsi alikuwa akisema bei kwa sauti kabla hajagusa pesa ya mtu. Hilo ndilo la kwanza nataka mlishike. Sema bei, mtu aisikie, akubali, ndipo unyoshe mkono. Ukishika pesa kwanza, yeye ameshakuwa mateka wako.

Alikuwa akiniita abaayo, yaani dada. "Abaayo," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "bei ni mbuzi wa watu. Hukumzaa, huwezi kumchinja. Unamchunga tu mpaka jioni."

Mtauliza tulimpata wapi huyo mbuzi, kwa kuwa simu zenu siku hizi zinawaambia kila kitu. Tulimpata kwa madereva wa malori waliotoka Juba, wakapita Kapoeta na Nadapal mpakani, wakaja kula Kakuma. Niliwauliza watatu, kila mmoja peke yake. Ukiuliza wawili pamoja, wa pili anamwitikia wa kwanza tu, kama kanisani. Tena sikuuliza bei ya pauni, kwa sababu dereva mwenye pauni mfukoni ataisifu kama binti yake anayetafutiwa mume. Niliuliza, "Soda Kapoeta siku hizi inauzwa ngapi?" Mtu hafikirii kudanganya kuhusu soda. Nikipata majibu matatu, la juu naliacha, la chini naliacha, la katikati nalilinganisha na bei ya soda Kakuma, napata bei ya pauni, naiandika kwenye ubao kwa chaki.

Na bei ikishaandikwa asubuhi, ilikaa. Mstari wetu wote wa maduka ulishika sheria moja: bei ya asubuhi haiguswi mpaka kivuli cha paa letu kifike mlango wa duka la ng'ambo. Hata lori lije na habari kwamba pauni imeanguka, ulimlipa aliyekuja kabla ya kivuli kwa bei ya ubao. Siku nyingine tuliumia, siku nyingine tulipona. Sijui kama ilikuwa hekima au ukaidi. Najua tu kwamba watu walilala usingizi.

Siku za mwanzo, Sudan Kusini ilipopata uhuru na pauni yake mpya, pauni moja ilikuletea shilingi ishirini na zaidi. Naona mnacheka. Ilikuwa pesa nzito! Mtu wa Juba akiingia dukani, hata mbwa walimpisha.

Muda mfupi baada ya siku za kugeuza pesa za zamani kuwa mpya, alikuja mzee mmoja kutoka Kaaleng na mfuko wa ngozi. Aliwahi kuuza madume ya ng'ombe ng'ambo ya mpaka, akafukia noti za Sudan ya zamani chini ya kibanda chake, akazilinda. Mimi nikafungua mfuko nikaanza kuhesabu. Hirsi akanishika mkono, akamwagiza mzee chai, akasubiri anywe nusu kikombe.

"Mzee, pesa hii imekufa," akamwambia. "Serikali imeleta nyingine. Siku za kubadilisha zimepita."

"Zimekufa zote?"

"Zote, mzee."

"Hata za chini? Za chini sijazishika kabisa."

"Hata za chini."

Mzee akatazama ule mfuko. "Kumbe miaka yote nalinda kaburi," akasema. "Basi niongezeeni chai, nimetoka mbali kwa msiba." Akazichukua noti zake akaenda nazo. Alisema atawaonyesha wanawe ng'ombe wao.

Baadaye Hirsi alinigombeza. "Usimhesabie mtu pesa iliyokufa. Ukihesabu, anaanza kununua vitu moyoni. Halafu unamnyang'anya." Hilo la pili.

La tatu ni dogo: noti iliyolowa usiianike juani, itajikunja kama ngozi ya mbuzi. Ifunge ndani ya leso, uilalie usiku mmoja. Nimelalia pesa nyingi za watu, na hakuna hata moja iliyonizalia.

Sasa nifike pale.

Pauni ilianza kushuka. Kulikuwa na vita kwao, na kila lori lilileta namba ndogo kuliko ya jana. Ishirini ikawa kumi, kumi ikawa tano. Wanawake waliokuwa wameweka akiba ya pauni walikuja wakasimama mbele ya ubao. Mwishowe ikafika siku pauni moja ni shilingi moja. Mtu alileta pauni mia, nikampa shilingi mia. Akazitazama.

"Sasa mbona nimekuja?" akauliza.

Hirsi alikuwa akijiandaa kwenda Eldoret kuleta bidhaa. Akaniambia, "Ikivuka, geuza ubao." Alimaanisha hivi. Zamani tuliandika *pauni moja ni shilingi kadhaa*. Pauni ikiwa nyepesi kuliko shilingi, tuandike *shilingi moja ni pauni kadhaa*. Ikavuka kesho yake, Hirsi ameshaondoka. Nikageuza ubao vizuri sana, na chaki mpya.

Mkono wangu sikuugeuza.

Mnielewe, maana kosa hili linaweza kuwa lenu kesho hata na simu. Miaka yote, mtu akileta pauni, nilizidisha kwa bei ya ubao. Akileta shilingi, niligawanya. Ubao ukigeuka, na hesabu inageuka: pauni unagawanya, shilingi unazidisha. Mimi niliendelea na mazoea. Na kwa sababu pesa mbili zile zilikuwa karibu sawa, kosa lilijificha. Ukizidisha au ukigawanya kwa moja na kijisenti, jibu halitofautiani sana. Aliyeleta pauni nilimzidishia kidogo, aliyeleta shilingi nilimpunja kidogo, na jioni droo zilielekea kulingana! Nilikuwa nikifunga duka nikijisifu.

Pauni ikazidi kushuka, na kosa likazidi kunenepa. Siku ya sita nikaona foleni ya watu wenye pauni. Nikasema moyoni, watu wananipenda. Walinipenda kweli.

Siku ya tisa asubuhi alikuja Nyandeng. Huyu ndiye niliyekuwa nashindwa kumwandika. Alikuwa Mdinka mkimbizi, mama wa chai, kibanda chake kilikuwa karibu na duka letu, na kila asubuhi alinitilia tangawizi bila kuombwa. Alileta shilingi elfu nane, zimefungwa kwenye kona ya kanga. Mama yake alikuwa mgonjwa sana kijijini kwao, mbele ya Kapoeta, na lori lilikuwa linamngoja injini ikiunguruma.

Ubao ulisema shilingi moja ni pauni moja na robo. Nilipaswa kumpa pauni elfu kumi. Nikagawanya, nikampa elfu sita na mia nne.

Akazihesabu. "Akai," akaniita kwa jina, "hii siyo kidogo?"

"Pauni imebadilika, mama."

"Imebadilika kuwa kidogo? Watu nasema imekuwa nyingi."

"Mimi ndiye niko na ubao," nikamwambia. Kwa ukali, tena mbele za watu.

Akanitazama mara moja, akaingiza pesa kifuani, akakimbilia lori.

Hirsi alirudi siku ile ile, saa sita mchana. Akasimama mlangoni. "Abaayo, mbona watu wamejaa kama kisimani?" Akaketi kwenye gunia la sukari, akanitazama nikihudumia mtu mmoja mwenye pauni. Yule mtu akatoka akikimbia kidogo. Ndipo akaniuliza, "Leo ipi ni nzito, shilingi au pauni?"

"Shilingi."

"Anayeleta nyepesi, anaondoka na noti nyingi au chache?"

"Chache."

"Yule ameondoka na ngapi?"

Nikatazama droo. Alikuwa ameondoka na nyingi.

Hiyo ndiyo njia ya kujipima, vijana, na haihitaji darasa la sita. Kabla ya kutoa pesa, jiulize ipi ni nzito leo. Anayeleta nyepesi huondoka na chache, anayeleta nzito huondoka na nyingi. Jibu likikataa, anza upya, hata foleni ikutukane.

Hirsi hakunifukuza. Alichukua kitabu cha risiti, tukaandika majina ya waliopunjika: kumi na mmoja. Nusu alilipa yeye, nusu ilitoka kwenye mshahara wangu, na hiyo nusu yake sikumwomba. Tuliwatafuta kambini na mjini, tukawapata kumi. Kuhusu waliopata zaidi, wawili walirudisha wenyewe bila kuitwa, mmoja aliniambia nikasome, wengine walinyamaza. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewapa kwa mkono wangu, na nilikuwa natabasamu.

Wa kumi na mmoja alikuwa Nyandeng.

Baada ya wiki mbili dereva mmoja alikula hapo jirani akasema, "Yule mama wa chai tulimpita Nadapal, amekaa juu ya mkoba wake, siku ya pili hiyo." Nikamuuliza kwa nini. Hakujua, lori lake halikusimama. Baadaye mwanamke mwingine wa kwao akaniambia mama yake Nyandeng amefariki. Lini? Hakujua. Kabla ya Nyandeng kufika, au baada? Hakujua.

Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, kwa miaka. Pauni elfu tatu na mia sita alizokosa ndizo nauli. Alikwama mpakani kwa sababu yangu, mama akafa akimngoja. Hirsi aliniambia siwezi kujua. Alipofunga duka akarudi Garissa kwa wajukuu, aliniambia tena. Lakini kutojua ni kitu kibaya kuliko mnavyofikiri, maana kila siku unaweza kuhukumiwa upya. Nilipostaafu nikaja Lodwar, nikaja na kile kitabu cha risiti.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni kununua nyanya. Kwa wauza samaki wakavu nikasikia sauti, na sauti niliijua kabla sijaona uso.

"Samaki hii imekonda. Ilikuwa mgonjwa?"

"Mama, ni samaki mkavu," muuza samaki akajibu. "Ulitaka awe na kitambi?"

Nikaita, "Nyandeng?"

Akageuka. Amezeeka, jicho moja limefunikwa na pamba kwa sababu alikuja Lodwar kutibiwa macho. Akaninyoshea kidole. "Ya! Akai! Akai ya Hirsi!"

Vijana, najua adabu. Mtu unamsalimu, unauliza watoto, unauliza mifugo. Mimi nikasema, "Mama yako ulimkuta?"

"Hata salamu ya ejok hakuna? Unaniuliza kama polisi wa kizuizi cha Kainuk."

"Nyandeng, ulimkuta hai?"

Akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Nilimkuta. Alikaa miezi minne. Nilimwosha, nilimsuka nywele, alikula kwa mkono yangu. Halafu nikamzika vizuri."

"Lakini ulikwama Nadapal. Walikuona umekaa juu ya mkoba."

"Ndiyo, siku mbili. Lori ilivunjika ekseli. Sisi wote tulikaa. Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ulikosa nauli. Kwa sababu yangu."

"Nauli nilikuwa nimelipa Kakuma! Kwa shilingi, kabla sijakuja kwako. Wewe unafikiri mimi napanda lori halafu ndiyo natafuta pesa?"

Nikaketi. Nilikalia gunia la samaki, na muuza samaki akapiga kelele, "Mama, hiyo ni biashara, siyo kiti!" Sikuinuka. Nilicheka na kulia, sijui kwa mpangilio gani. Nyandeng akamwambia yule mwanamke, "Mwache. Atanunua hiyo aliyokalia." Na kweli nilinunua.

Nikamwambia kosa lote, ubao na mkono. Nilidhani namfunulia siri.

"Najua," akasema. "Mwenye duka Kapoeta alinihesabia. Nilikutukana Kidinka, nikakutukana Kiarabu. Kiswahili ilikuwa haitoshi."

"Ulikosa nini?"

Akafikiri. Namshukuru kwamba alifikiri, hakukimbilia kunifariji. "Nilitaka kununua gunia moja ya mtama kwa nyumba ya mama. Nikanunua nusu. Tulikula kidogo kidogo. Ilikuwa vibaya kidogo, Akai. Siyo vibaya sana. Lakini ilikuwa vibaya."

Kwa hiyo ilikuwa mara moja, si mara mbili. Nilimkosea chakula, sikumkosesha mama.

Tulikuja hapa nyumbani, nikatoa kitabu cha risiti na kalamu, na hapo ndipo kazi yangu yote ya zamani iliponijia kama mtihani. Nimlipe kwa bei ipi? Nikimlipa zile pauni elfu tatu na mia sita kwa bei ya leo, zingenunua soda na mandazi mawili. Ni halali kwa karatasi, na ni wizi. Nikimlipa kwa bei ya siku ile, ni shilingi elfu mbili mia nane na themanini. Lakini shilingi nayo si ile, siku ile kiasi hicho kilikaribia kununua mbuzi. Nikamwambia basi achague mbuzi.

"Mbuzi moja?" akasema. "Kwetu mbuzi hata haihesabiwi, tunahesabu ng'ombe. Halafu nitapanda naye basi, tukae kiti moja?"

"Basi wewe sema bei."

"Bei ya nini? Mimi sikukosa pauni. Nilikosa nusu gunia."

Miaka yote ile kwenye meza, sikuwahi kuliona jambo hilo. Pesa mbili zinapandishana na kushushana, na katikati kuna mtu anayetaka kununua kitu chenye jina. Nyinyi mtakaokosea, na mtakosea, msihangaike sana mkitafuta bei ya siku ipi. Muulizeni mtu alikuwa anaenda kununua nini.

Tukarudi sokoni. Nikataka kumnunulia gunia zima, kwa ajili ya miaka aliyongoja. Akakataa katakata mbele ya muuzaji. "Nusu. Ukinipa zaidi, mimi ndiyo nitakaa nafikiria wewe. Sitaki. Nimechoka kufikiria."

Muuzaji akapima nusu gunia. Nyandeng akainamia mizani akiangalia kwa jicho lake moja zima, nami nikaangalia kwa yangu mawili, na tukakubaliana na mshale. Nikafungua kile kitabu, nikaandika jina lake kwenye mstari wa kumi na mmoja kwamba amelipwa, akaweka kidole chake chenye wino wa kalamu.

Jioni akafungua gunia lake akachota mtama. Nikamzuia, nikamwambia hiyo ni haki yako, usitulishe sisi kwa haki yako. Akaniambia ni yake, na atamlisha anayemtaka. Akakoroga asida, ugali wa kwao, nzito kwenye sufuria yangu kubwa, akapika yule samaki niliyemkalia pamoja na bamia na nyanya, akalalamika kwamba nimemvunja mifupa. Tulikula sote kutoka sinia moja, mimi, yeye na dada yangu ninayeishi naye. Mimi nilikula mpaka wakaniachia upande wao.